Nani Huozesha? Viumbe Wanaokula Vilivyokufa, Kutoka Mbale Hadi Jinja



Muhula mmoja nilipokuwa nikifundisha Kiswahili mjini Mbale, nilimwomba mwanafunzi aandike ubaoni sentensi moja kuhusu shimo la taka lililokuwa nyuma ya jiko la shule. Aliandika: "Bakteria huoza majani." Mwenzake aliyeketi safu ya mbele akauliza papo hapo: "Huyaoza kwa nani? Na mahari amepokea nani?" Darasa zima likaangua kicheko. Aliyeandika hakucheka. Alitaka kujua kosa lake liko wapi.

Kiswahili kina vitenzi viwili vyenye umbo la -oza. Cha kwanza kinatokana na -oa: mzazi humwoza binti yake. Cha pili maana yake ni kuharibika na kuvunda: embe limeoza, jino limeoza. Hiki cha pili hakichukui shamirisho. Ukitaka kumtaja anayesababisha, huna budi kutumia kauli ya kutendesha: "Bakteria huozesha majani." (Na hata hapo muktadha unahitajika, kwani wapo wasemao -ozesha kwa maana ya ndoa vilevile!)

Kosa lilikuwa dogo, lakini lilinifanya nifikiri. Kila siku tunasema ndizi zimeoza, samaki ameoza, paa limeoza, kana kwamba vitu hivyo vilijifanyia vyenyewe. Sarufi yetu inaturuhusu kumwacha mtendaji nje ya sentensi. Ni kweli kwamba tunda huiva na kulainika kwa vimeng'enya vyake lenyewe. Lakini kazi ya kulivunjavunja hata lirudi udongoni ni ya viumbe wengine walio hai, wanaokula, wanaopumua na wenye mahitaji yao. Makala hii inanuia kuwaeleza viumbe hao kwa mifano ya Mbale na Jinja, mashariki mwa Uganda, na kuonyesha hasara tunayopata tunapowasahau. Msamiati unaowahusu nitautaja pale unapojitokeza, ili mwalimu aweze kuutumia darasani.

Makundi matatu ya walaji

Si kila anayekula kilichokufa hufanya kazi ile ile. Kwa urahisi tunaweza kuwagawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni wala mizoga. Hawa ni wanyama wakubwa kiasi: tai, fisi, na yule ndege mrefu mwenye kichwa cha upara ambaye Waganda humwita kalooli, jamii ya korongo. Kalooli ameizoea miji ya Uganda. Humwona akisimama juu ya majalala na karibu na machinjio kama askari wa zamu. Wala mizoga hupunguza nyama kwa haraka, lakini hawamalizi kazi. Wanachokula hutoka kama kinyesi, na kinyesi nacho kinahitaji mlaji mwingine.

Kundi la pili ni watafunaji wa mabaki: mchwa, jongoo, mende wa aina nyingi, mabuu ya nzi, na nyungunyungu. Hawa husaga majani, vijiti na mavi kuwa vipande vidogo. Nyungunyungu hana meno. Humeza udongo pamoja na mabaki ya mimea, akavisaga katika firigisi yake kwa msaada wa chembe za mchanga, kisha akavitoa kama vijungu vidogo vyenye rutuba kuliko udongo aliouingiza. Charles Darwin alimheshimu mdudu huyu kiasi kwamba kitabu chake cha mwisho, kilichotoka mwaka 1881, alikiandika juu ya kazi ya nyungunyungu katika kutengeneza udongo.

Kundi la tatu ndilo lenye kazi kubwa kuliko yote, na ndilo tusiloliona: bakteria na kuvu. Katika makala hii nitawaita viozeshi. Hawana mdomo wala tumbo. Wanachofanya ni kumwaga vimeng'enya nje ya miili yao, juu ya chakula chenyewe. Vimeng'enya hivyo hukiyeyusha chakula, kisha kiozeshi hufyonza kilichoyeyuka. Kwa maneno mengine, sisi huingiza chakula tumboni ndipo tukakimeng'enya. Kuvu hukimeng'enya kwanza ndipo zikakiingiza.

Kuvu hukua kwa nyuzi nyembamba mno zinazopenya ndani ya gogo au rundo la majani. Uyoga tunaouona ni sehemu tu ya kuzalia, kama embe lilivyo tunda la mwembe. Mwili wenyewe wa kuvu umejificha ndani. Baadhi ya kuvu zina uwezo ambao viumbe wachache wanao: zinavunja lignini, ile kemikali inayoupa mti ugumu wake. Bila kuvu hizo magogo yangekaa miaka na miaka misituni bila kurudi ardhini.

Mchwa na shamba lao

Wanafunzi wa Uganda hawahitaji kufundishwa mchwa ni nini, ila wanahitaji kusaidiwa na majina. Luganda kina enkuyege, wale wafanyakazi wanaokula mbao; kina enswa, wale wenye mabawa wanaoruka msimu wa mvua na kuliwa; na kina ekiswa, kilima chao. Kiswahili kina mchwa, kumbikumbi na kichuguu kwa mpangilio huo huo. Tatizo ni kwamba enswa masikioni hufanana na mchwa, hivyo mwanafunzi huandika "tulikula mchwa waliokaangwa" akimaanisha kumbikumbi. Mwalimu asimcheke. Amefuata sauti, nayo imempeleka nyumba ya jirani.

Ndani ya vichuguu vikubwa vya nchi yetu kuna jambo la ajabu. Mchwa wanaovijenga hawawezi kumeng'enya vizuri mbao na nyasi kavu wanazokusanya. Basi wanalima. Mfanyakazi humeza vipande vya mbao na nyasi, kisha hutoa kinyesi ambacho hujengwa kuwa masega laini. Juu ya masega hayo huota kuvu ya jamii inayoitwa Termitomyces. Kuvu huvunja lignini na selulosi, na mchwa hula kuvu pamoja na masega yaliyokwisha kulainika. Ushirika huu ulianza Afrika takriban miaka milioni 30 iliyopita, zamani sana kabla ya binadamu kushika jembe.

Mvua zinapoanza, kuvu hiyo huchomoza uyoga juu ya kichuguu au kando yake, na akina mama na watoto hutoka alfajiri na vikapu. Msimu huo huo watu hupiga vijiti juu ya kichuguu kwa mdundo kama wa matone ya mvua ili kumbikumbi wadanganyike watoke. Kwa hiyo kichuguu kimoja hutoa mboga mbili, nazo zote zimetokana na nyasi zilizokufa.

Uyoga kwa Luganda ni obutiko, na Butiko ni jina la mojawapo ya koo za Buganda. Kwa upande wa sarufi angalia kwamba uyoga wa Kiswahili na obutiko wa Luganda vyote vina kiambishi cha ngeli ya u-/bu-. Mwanafunzi akielewa hivyo hatapata shida kusema "uyoga huu umeota" badala ya "uyoga hii imeota".

Mbale: rundo linalochemka bila moto

Twende sasa kwenye miteremko ya Mlima Elgon juu ya Mbale. Wakulima wa Bugisu hupanda kahawa aina ya arabika chini ya kivuli cha migomba, na majani makavu ya migomba hutandazwa ardhini. Matandazo hayo huhifadhi unyevu, huvunja nguvu ya matone ya mvua yasichukue udongo, na huwa chakula cha nyungunyungu, jongoo, kuvu na bakteria. Kilichotoka mgombani mwaka huu hurudi katika mizizi ya kahawa miaka inayofuata.

Kahawa nayo ina mabaki yake. Baada ya kuchuma, ganda laini jekundu humenywa, na rundo la maganda hubaki karibu na mashine. Yakitupwa mtoni, bakteria wa majini huyashambulia na kuitumia oksijeni ambayo samaki walihitaji. Yakirundikwa vizuri, huwa mbolea vunde.

Kurundika vizuri maana yake nini? Hapa ndipo inapofaa kumkumbuka mtendaji, kwa kuwa masharti yote ya rundo ni mahitaji ya viumbe walio ndani yake.

Kwanza, chakula cha mchanganyiko. Viozeshi wanahitaji kaboni kwa ajili ya nguvu na nitrojeni kwa ajili ya kujenga miili. Kiasi kinachowafaa ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya nitrojeni. Mabua makavu ya mahindi yana kaboni nyingi mno. Majani mabichi, maganda ya ndizi na samadi vina nitrojeni ya kutosha. Ndiyo maana mkulima anayefukia mabua makavu peke yake halafu akapanda papo hapo huona mahindi yake yakigeuka manjano. Bakteria wameiazima nitrojeni ya udongoni ili wale mabua, na hawairudishi mpaka wafe.

Pili, maji. Rundo liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Likikauka viozeshi hulala. Likilowa chapachapa hewa hukosa njia.

Tatu, hewa. Rundo hupinduliwa kila baada ya muda ili oksijeni ifike katikati.

Masharti hayo yakitimia, rundo hupata joto ndani ya siku chache, mara nyingi nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Hakuna aliyewasha moto. Joto hilo ni pumzi ya mabilioni ya bakteria wakila, kama darasa lililojaa watu linavyopata joto mchana. Likidumu kwa siku kadhaa huua vimelea vingi vya magonjwa na mbegu za magugu. Baadaye rundo hupoa, kuvu na nyungunyungu huingia, na mwisho hubaki kitu cheusi chenye harufu ya ardhi baada ya mvua. Harufu hiyo hutolewa na jamii ya bakteria wa udongoni. Na kutoka kwa mmoja wa jamii hiyo, mwaka 1943, ilipatikana streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kuponya kifua kikuu.

Jinja: chakula kinapozidi

Tukishuka hadi Jinja, mahali Mto Naili unapotoka Ziwa Viktoria, tunakuta mfano wa upande wa pili. Miaka ya 1990 magugumaji yalitanda ziwani. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini. Mikeka yake ilifunga njia za mitumbwi na kusukumwa na upepo hadi kwenye bwawa la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo leo huitwa Nalubaale.

Mwaka 1995 Uganda ilianza kuachia ziwani fukusi wanaokula mmea huo peke yake, nao pia asili yao ni Amerika ya Kusini. Fukusi si mlaji wa kilichokufa. Hula mmea ungali hai na kuudhoofisha. Kufikia 1998, kwa kazi ya fukusi, ya mashine na ya mawimbi, sehemu kubwa ya mikeka upande wa Uganda ilikuwa imezama. Hapo ndipo zamu ya viozeshi ilipoanza. Mmea unapozama kwa wingi, bakteria hujaa, hula, hupumua, na oksijeni ya maji hupungua. Samaki wasipoweza kuhama hufa, na kufa kwao huongeza chakula kingine cha kuoza.

Funzo la Jinja ni kwamba viozeshi si wema wala wabaya. Wanakula wanachopewa, kwa kiasi wanachopewa, mahali wanapopewa. Mmea ule ule uliovutwa nchi kavu na kurundikwa pamoja na nyasi kavu ungekuwa mbolea.

Taka za miji yetu

Jinja na Mbale zilitangazwa kuwa majiji mwaka 2020. Jiji hula sana na hutupa sana, na sehemu kubwa ya kinachotupwa katika miji ya Uganda ni maganda ya matoke na viazi, mabaki ya mboga sokoni, majani na chakula. Yaani, ni chakula cha viozeshi.

Jambo hili lilishatambuliwa. Mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianzisha mpango wa kugeuza taka za miji kuwa mbolea vunde, na Jinja na Mbale zilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo. Mpango huo ulisajiliwa mwaka 2010 chini ya utaratibu wa kimataifa wa kupunguza gesi zinazoongeza joto duniani. Hoja yake ni rahisi. Taka zikirundikwa bila hewa, bakteria wapendao oksijeni hufa, na nafasi yao huchukuliwa na wengine wasioihitaji, ambao hutoa methani. Kwa kipimo cha miaka 100, methani huzidi dioksidi ya kaboni kwa zaidi ya mara 25 katika kuongeza joto. Taka hizo hizo zikipinduliwa na kupata hewa, methani hupungua na mkulima hupata mbolea.

Kikwazo kikubwa ni mchanganyiko. Mfuko mmoja wa taka hubeba maganda ya ndizi, betri, vioo na kaveera, mfuko wa plastiki unaojulikana kwa jina hilo Uganda nzima. Mwaka 2009 sheria ilipiga marufuku mifuko myembamba kuliko maikroni 30, lakini wingi wa buveera hadi leo uko mitaroni kwa kila mwenye macho. Mbele ya kaveera viozeshi hushindwa. Vimeng'enya vyao vilipatana na mbao, majani na nyama kwa mamilioni ya miaka; plastiki ni mgeni wa juzi. Kaveera hukatika vipande, na vipande huingia katika mbolea, kisha shambani. Mkulima akiona mbolea inayong'aa vioo na plastiki hainunui, na hana kosa.

Tukiacha kutenganisha, taka huwa mlima. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa taka wa Kiteezi, karibu na Kampala, uliporomoka juu ya nyumba za watu baada ya mvua kubwa, na zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Haifai kusahau kwamba sehemu kubwa ya taka zinazopelekwa katika majalala kama hayo zingeweza kuliwa na bakteria na nyungunyungu, na zikaishia katika bustani.

Maneno ya kuchukua darasani

Mboji: udongo mweusi uliotokana na mimea na wanyama waliooza.
Mbolea vunde: mbolea iliyotengenezwa kwa kurundika na kuvundisha mabaki.
Samadi: mbolea ya kinyesi cha wanyama.
Mzoga: mwili wa mnyama aliyekufa (mwili wa mtu ni maiti).
Kuvu, ukungu: kuvu ni jina la jumla, ukungu huonekana juu ya mkate au ukuta. Ukungu pia ni umande mzito wa asubuhi, kama ule wa Wanale.
-vunda: kuoza na kutoa harufu. Wasemaji wa Luganda watalitambua mara moja, kwani nao husema okuvunda.
-bunguliwa: kutobolewa na wadudu, kama mahindi au maharage ghalani.

Angalia pia jinsi lugha inavyomtaja mtendaji anayeonekana na kumwacha asiyeonekana. Tunasema "mlango umeliwa na mchwa", kwa sababu mchwa tunamwona. Lakini husema "nyama imeoza" tu. Hata hivyo wazee hawakukosa kuona kwamba kuoza huenea. Walisema: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hawakuwa na hadubini, lakini walijua kwamba kuna kitu kinachotoka kwa samaki wa kwanza kikamwendea wa pili.

Zoezi

1. Andika upya sentensi hizi ukimtaja mtendaji: (a) Mkate umeota ukungu. (b) Gogo limeoza. (c) Majani yamegeuka mboji.
2. Tunga sentensi mbili za kutofautisha -oza la ndoa na -oza la kuharibika.
3. Nenda sokoni mwako, kisha uandike aya moja: ni taka zipi ulizoziona ambazo viozeshi wanaweza kula, na zipi hawawezi?
4. Taja majina ya mchwa, kumbikumbi, kichuguu na uyoga katika lugha ya kwenu. Ni yapi yanayofanana na ya Kiswahili, na ni yapi yanayodanganya?

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wengi wanauliza watafundisha nini zaidi ya salamu na ngeli. Jibu mojawapo liko nyuma ya jiko la shule. Mwanafunzi wangu alirudi ubaoni, akafuta neno moja, akaandika: "Bakteria huozesha majani, nasi huwanyima hewa." Kesho yake kikundi cha wavulana na wasichana kilikwenda na majembe kulipindua lile rundo shimoni. Baada ya siku tatu walikuja kuniita nione mvuke ukitoka.